Prosesa Iliyosingiziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kompyuta Moja ya Mezani, Tabata

Shemeji yangu hupiga video za sendofu, harusi na maulidi, na kazi yote ya kuzihariri huifanyia nyumbani kwake Tabata, Dar es Salaam, katika chumba ambacho dirisha lake linatazamana na barabara ya vumbi. Siku aliyonipigia simu alikuwa na shilingi 500,000 mkononi na uamuzi tayari kichwani. "Shemeji, nitafutie i7 na kadi kubwa ya grafiki, hii mashine imechoka." Kwa i7 alimaanisha prosesa ya Intel ya daraja la juu kuliko i5 aliyokuwa nayo. Malalamiko yake yalikuwa matatu: kompyuta ilichukua dakika nyingi kuwaka hadi kuwa tayari kwa kazi, video ilikatakata kila alipojaribu kuitazama ndani ya programu ya kuhariri, na kuitoa harusi moja iliyokamilika, yaani kuigeuza kuwa faili la kukabidhi, kulimla usiku mzima, wakati mwingine hadi alfajiri mashine ikiwa bado inahangaika. Nilimsihi asinunue chochote mpaka nifike, kwa sababu malalamiko matatu yanaweza kuwa na visababishi vitatu, na i7 ingeweza isigusie hata kimoja.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 9020 yenye umbo la mnara, toleo la mwaka 2013, ambayo aliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya Core i5-4590 yenye viini vinne, ambayo kasi yake huanzia gigahezi 3.3 na kupanda hadi 3.7, kipande kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya aina ya zamani ya DDR3 chenye gigabaiti 8, huku matundu matatu kati ya manne yakiwa matupu, diski ngumu ya terabaiti 1 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na pawa saplai ya wati 290. Kadi ya grafiki haikuwepo, hivyo picha zote zilitoka kwenye sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa, yaani HD Graphics 4600. Taarifa hizi sikuzichukua kwenye maelezo ya muuzaji bali kwenye programu ya CPU-Z na kwenye namba ya huduma yenye herufi na tarakimu saba iliyobandikwa mgongoni mwa kasha. Anayenunua mashine za aina hii na aizoee tabia hiyo, maana jina peke yake halitoshi: OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 hutumia prosesa za kizazi cha 3, na OptiPlex 7010 ya mwaka 2023 hutumia za kizazi cha 13, na zote mbili zinaitwa jina lilelile.

Kupima kulichukua mchana mmoja na hakukugharimu hata senti. Windows ina dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski, ambalo hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nililiacha wazi pembeni, kisha nikamwomba shemeji afanye kazi zake za kila siku kama vile mimi sipo. Mashine ilipokuwa inawaka na programu ya kuhariri ikifunguka, diski ilisoma asilimia 100 kwa dakika kadhaa mfululizo, na prosesa haikuvuka asilimia 15. Alipofungua mradi wa harusi wenye klipu nyingi, RAM ilijaa, Windows ikaanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski ileile iliyokuwa tayari imelemewa, na kila kitu kikasimama. Alipobonyeza kucheza klipu moja ya 4K, yaani ya picha kali zaidi, kutoka kwenye simu yake, mambo yakageuka: diski ikatulia, prosesa ikapanda hadi asilimia 100 na picha ikaanza kurukaruka.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kujieleza. Katika kazi mbili kati ya tatu prosesa ilikuwa imekaa bure ikingoja kuletewa data. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia takriban milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo kwa wastani husubiri nusu yake, na juu ya hapo kichwa cha kusomea huhitaji milisekunde nyingine nane au tisa kuhamia mahali panapotakiwa. Ukijumlisha, diski nzima huweza kufikia sehemu zisizozidi themanini hivi tofauti kwa sekunde, ilhali programu inapofunguka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kichwa cha kuhamisha wala sahani ya kungojea, na hata ile ya bei ya chini inayotumia waya wa SATA hujibu maombi makumi elfu kwa sekunde. Kumwekea i7 mtu ambaye prosesa yake inasinzia kwa kukosa data ni sawa na kumwongezea mpishi jiko la pili wakati kuni hazijafika.

Kazi ya tatu, ile ya video kukatakata, ilikuwa na hadithi yake, na ndiyo iliyonifurahisha zaidi kuifuatilia. Simu ya shemeji ni iPhone, na iPhone ikiachwa ilivyo hurekodi kwa mtindo wa HEVC, ambao wengi huuita H.265. Mtindo huu hubana picha kwa ustadi mkubwa: dakika moja ya 4K yenye picha 30 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 170, wakati mtindo wa zamani wa H.264 huchukua takriban 350 kwa dakika hiyohiyo. Lakini kilichobanwa kwa ustadi hubanuliwa kwa taabu. Prosesa za Intel zilianza kuwa na saketi maalumu inayobanua HEVC kikamilifu katika kizazi cha 6, na hii ya shemeji ni ya kizazi cha 4, kwa hiyo kila picha ya klipu zake ilibanuliwa na viini vinne vya kawaida kwa nguvu tupu. Nilipochukua klipu iliyorekodiwa kwa H.264 kutoka kwenye kamera yake nyingine, ikacheza bila kukwama, ingawa prosesa ilikuwa ileile na diski ileile. Wala i7-4790, ambayo ndiyo prosesa ya juu iliyozoeleka katika madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya aina hii, isingemwokoa hapa, kwa kuwa nayo ni ya kizazi cha 4 na haina saketi hiyo.

Kabla ya kufikiria kununua kitu, nilifungua CrystalDiskInfo kuangalia afya ya diski, na jibu lilikuwa la njano. Kulikuwa na sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kuhamishwa na nyingine zilizokuwa zikingoja kuhamishwa, ambayo ni dalili kwamba uso wa sahani umeanza kuharibika. Jambo hili lilibadilisha mpangilio wote wa siku. Tuliacha vipimo, tukaunganisha diski ya nje ya terabaiti 2 aliyokuwa nayo, na tukaanza kunakili: kwanza harusi ambazo wenyewe walikuwa hawajakabidhiwa, kisha miradi, kisha picha za familia, na mwisho kabisa yale yanayoweza kupakuliwa upya. Sikuendesha ukaguzi wa diski wa Windows wala kupanga upya faili, kwa sababu diski inayougua hailazimishwi kusoma uso wake wote kabla mali haijatoka. Faili mbili za sendofu moja hazikusomeka, na kwa bahati zilikuwa bado zipo kwenye kadi ya kamera.

Joto nalo lilikuwa na neno. Kwa mzigo kamili prosesa ilifika nyuzi 97, wakati kikomo chake ni nyuzi 100, na ilipokaribia hapo ilijipunguza kasi yenyewe hadi chini ya gigahezi 3 ili isiungue. Nilipofungua kasha, mapezi ya bamba la kupozea yalikuwa yamezibwa na utando wa vumbi mithili ya blanketi, na ile pesti ya kupitishia joto kati ya prosesa na bamba ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Tulisafisha kwa brashi na kipulizio, huku feni ikishikwa kwa kidole isizunguke, tukafuta pesti ya zamani kwa spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje ya dengu. Mzigo uleule ukaleta nyuzi 69. Kwa gharama ya kijitubu cha pesti prosesa ilirudishiwa kasi iliyokuwa imeporwa na vumbi la Tabata, na kama tungeweka i7 juu ya bamba lile lililoziba, i7 nayo ingejipunguza kasi vilevile.

Sasa tukaketi na kugawa fedha. Kanuni niliyoitumia ilikuwa na sehemu mbili: kwanza tulipe pale ambapo kazi inasubiri, kama vipimo vilivyoonyesha, pili, kati ya vitu viwili vyenye faida inayokaribiana, tuchague kile kitakachoweza kuhamia kwenye kompyuta ijayo. Mashine hii haina umri mrefu mbele yake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka prosesa ya kuanzia kizazi cha 8. Kila shilingi inayoingia katika kitu kinachokaa kwenye madabodi hii tu itazikwa pamoja nayo.

Kwa kipimo hicho i7-4790 ilianguka. Bei tuliyotajiwa ilikuwa shilingi 140,000, na kilichopatikana kwa fedha hiyo kilikuwa viini vinne vilevile, kasi iliyozidi kidogo, na uwezo wa kila kiini kubeba nyuzi mbili za kazi badala ya moja. Uwezo huo husaidia wakati wa kutoa video, sikatai, lakini nyuzi nane juu ya viini vinne hazileti kasi maradufu, na prosesa ya soketi hii haiingii kwenye madabodi ya vizazi vya baadaye. Shemeji hakupenda. Neno i7 lina heshima yake mjini, na wateja wake wengine huuliza kabisa, "Unatumia mashine gani?" Nilimwambia kwamba i7 ya mwaka 2014 na i7 ya juzi zinafanana jina kama wanavyofanana majina babu na mjukuu.

SSD haikuhitaji mjadala, ila ilihitaji tahadhari. Madabodi hii haina tundu la M.2, kwa hiyo zile SSD nyembamba zinazofanana na kipande cha ubani, ambazo wauzaji husifia kwa kasi ya maelfu ya megabaiti kwa sekunde, hazina mahali pa kuchomekwa. Zikiwekwa kupitia kadi ya kuunganishia, mashine hii kwa kawaida haiwezi kuwakia kutoka humo. Tulichukua ya inchi 2.5 yenye gigabaiti 480 inayotumia waya wa SATA. Kikomo cha waya huo ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, ambacho kwa karatasi kinaonekana kidogo, lakini klipu ya 4K hata ya megabiti 100 kwa sekunde huhitaji megabaiti 12.5 tu. Faida ya SSD hapa ilikuwa katika kurukaruka kati ya vipande vidogo, na katika hilo SATA inatosha. Kabla ya kuiamini tuliijaza yote kwa programu ya H2testw, inayoandika data hadi ukomo na kuisoma tena, kwa sababu sokoni zipo zinazojitangaza ukubwa zisizokuwa nao na kuanza kufuta faili za mwanzo zinapofika kikomo chao halisi.

Upande wa RAM tuliongeza kipande kimoja cha gigabaiti 8 na si zaidi. Kikubwa kilikuwa kuwa na vipande viwili, mbali na kufikia jumla ya 16. DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde katika njia moja, na vipande viwili vikikaa katika matundu yaliyooanishwa njia huwa mbili. Matundu hayo hutambulika kwa rangi. Kuna mtego mmoja: sokoni kuna RAM za seva zenye bei ya kutamanisha, zenye chipu ya ziada katikati ya ubao, ambazo huingia kwenye tundu bila shida na mashine haiwaki. Ya kompyuta ya kawaida haina chipu hiyo. Kwa kuwa DDR3 haitahamia popote, matundu mawili yaliyobaki tuliyaacha matupu.

Kwenye kadi ya grafiki tulikaa siku nyingi kuliko kwingine kote, na pawa saplai ndiyo iliyokuwa ikitoa amri. Watu huona wati 290 na kudhani kinachokosekana ni wati. Shida hasa ni plagi. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi bali ya pini nane iliyobuniwa kwa ajili ya mashine hizo, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haichomekeki bila kiunganishi maalumu. Vilevile haina waya wa pini sita ambao kadi nyingi kubwa huutaka. Shemeji alikuwa ameshaonyeshwa kiwaya kinachotoa umeme kwenye plagi ya SATA na kuupeleka kwenye kadi, na muuzaji alimhakikishia kuwa "wote wanatumia". Plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 kwa upande wa volti 12, ilhali plagi ya pini sita inaruhusu kadi kuvuta hadi 75. Na katika mashine hii umeme wa diski hupitia kwanza kwenye madabodi, kwa hiyo kitakachopata moto si kiwaya peke yake. Hapo sikukubali mazungumzo.

Kilichobaki ni kadi zinazoridhika na umeme wa tundu lenyewe la PCIe, lile la madabodi ambamo kadi huchomekwa, ambalo hutoa hadi wati 75. Katika bei yetu zilikuwa mbili: GTX 1050 Ti iliyotoka mwaka 2016, na GTX 1650 iliyotoka mwaka 2019, ambayo baadhi ya watengenezaji huitoa bila plagi ya ziada na wengine huiwekea pini sita, hivyo ni lazima kuitazama kadi yenyewe na si jina lake. Zote mbili hubanua HEVC kwa saketi yake, na ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Kadi ya RX 6400, ambayo nayo hula umeme mdogo, niliiondoa mapema kwa sababu haina saketi ya kubana video wakati wa kutoa, na hutumia njia nne tu za PCIe, jambo linaloiumiza kwenye madabodi ya kizazi cha tatu cha PCIe kama hii.

Duka la kwanza Kariakoo lilikuwa na 1050 Ti kwa bei ya chini mno, na shemeji aliichangamkia kwa sababu moja ya ziada: ilikuwa na tundu la VGA, lile la zamani la kioo linalotumia mawimbi ya analogi, na kioo chake ni cha VGA. Mimi tundu hilohilo ndilo lililonisimamisha. Chipu za kizazi hicho hazitoi mawimbi ya analogi. Hata tundu la DVI la 1050 Ti ya kawaida ni la kidijitali tupu. Wapo watengenezaji wachache waliofunga chipu ya kubadilisha, kwa hiyo VGA peke yake si hukumu, lakini sokoni zimezagaa kadi za zamani za miaka ya 2010 na 2011 ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Nikaomba iwashwe kwenye mashine ya majaribio ya dukani, nikafungua GPU-Z, programu inayosoma chipu halisi ya kadi, kutoka kwenye flashi yangu. Jina la kadi lilitokea likiwa limetanguliwa na neno la onyo kwamba ni feki. Kijana wa duka alisema hajui, na inawezekana kweli hakujua, maana naye aliletewa. Tulimshukuru tukaondoka.

Duka la tatu lilikuwa na GTX 1650 isiyo na plagi, yenye HDMI, ikapita GPU-Z, ikaendeshwa nusu saa mbele yetu kwa mzigo kamili. Ilikula shilingi 240,000, karibu nusu ya bajeti, na sikujutia kwa sababu itahamia kwenye mashine ijayo kama ilivyo. Kioo cha VGA tuliamua kukiacha. Jirani alikuwa na kioo chenye HDMI asichokitumia, wakabadilishana kwa nyongeza ndogo.

Ufungaji ulikwenda vizuri hadi siku ya pili. Windows iliwekwa upya kwenye SSD, na nilishauri hivyo badala ya kunakili mfumo mzima kutoka diski mbovu, kwa kuwa faili zilizooza zingehamia nazo. Lakini saa ya mashine ilikuwa inarudi nyuma kila umeme unapokatika, na kwa tarehe isiyo sahihi tovuti zilikataa kufunguka, jambo ambalo shemeji alikuwa akiulaumu mtandao kwa miezi. Kisababishi kilikuwa betri ndogo ya CR2032 ya kwenye madabodi, iliyokuwa imekufa. Niliibadilisha, nikawasha, na badala ya Windows kikaja kioo cha bluu kilichosema kuwa diski ya kuwakia haifikiki.

"Nilikwambia SSD za siku hizi feki," shemeji akasema, na kwa dakika kumi nilikuwa karibu kukubaliana naye. Kosa lilikuwa langu. Nilipoondoa betri, mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ilirudi ilivyotoka kiwandani, na humo namna ya kuendesha diski ikabadilika kutoka AHCI, ambayo Windows ilisakinishwa nayo, kwenda RAID On. Windows ilitafuta diski kwa mlango ambao haukuwa umefunguliwa. Nilirudisha AHCI, nikasahihisha tarehe, ikawaka. Ilinipasa kupiga picha kurasa za BIOS kabla ya kugusa betri, kazi ya dakika mbili.

Tulipopima upya, mashine iliwaka na kuwa tayari kwa kazi chini ya nusu dakika. Mradi wa harusi wenye klipu nyingi ulifunguka bila RAM kujaa. Klipu za 4K za iPhone, baada ya programu ya kuhariri kuelekezwa katika mipangilio yake itumie kadi kubanua, zilicheza huku prosesa ikiwa asilimia 30 hivi. Bila kugusa mpangilio huo kadi ilikuwa imekaa tu, na ninashuku watu wengi wameishia hapo wakaamua kwamba kadi haisaidii. Kutoa video ya harusi iliyokuwa ikimaliza usiku kulichukua saa moja na dakika arobaini kwa kutumia saketi ya kubana ya kadi. Faili iliyotoka ilikuwa kubwa kidogo kuliko ile iliyobanwa taratibu na prosesa kwa ubora unaolingana, na kwa harusi inayokabidhiwa kwenye flashi hilo halina uzito.

Kuna jambo ambalo kwa haki yake lilistahili kujaribiwa kabla ya kununua kadi, na nilimweleza shemeji bila kuficha. iPhone ina mpangilio wa kurekodi kwa H.264 badala ya HEVC, na programu nyingi za kuhariri huweza kutengeneza nakala nyepesi za klipu, za ubora mdogo, ambazo mhariri huzifanyia kazi huku faili halisi zikitumika tu wakati wa kutoa. Njia zote mbili ni za bure. Ya kwanza hulipwa kwa nafasi, maana saa moja ya 4K hupanda kutoka gigabaiti 10 hadi kama 21. Ya pili hulipwa kwa muda wa kuandaa nakala hizo kabla ya kuanza. Tulizijaribu kwa siku tatu kabla ya kwenda Kariakoo na zikafanya kazi. Yeye alichagua kadi kwa sababu hupokea pia klipu za simu za wageni, ambao hawezi kuwapangia namna ya kurekodi, na kwa sababu kutoa video ndiko kulikokuwa kukimnyima usingizi. Kama angekuwa anahariri video moja kwa mwezi, ningemrudishia ile 240,000 mfukoni.

Kuhusu Windows 10, mashine imesajiliwa katika mpango wa Microsoft wa kuongezewa masasisho ya usalama, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani, na barua pepe na benki amezihamishia kwenye simu. Baki ya fedha, pamoja na nyongeza kidogo, ilinunua UPS ya 650 VA, ambayo humpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Kioo kimechomekwa nyuma ya UPS hiyo pia, maana kompyuta inayobaki hai huku kioo kikiwa giza haihifadhi kitu.

Diski ya zamani imefungwa kwenye bahasha yenye maandishi "mbovu, usitumie", na ipo kwenye droo. SSD niliifunga kwa skrubu mbili tu, mahali panapofikika bila kuondoa kadi. Wiki iliyopita shemeji alinitumia picha ya mashine ya kizazi cha 8 aliyoiona dukani akiniuliza kama nayo ina waya wa SATA, na nimemwambia apige picha ya pawa saplai na plagi zake kabla hajaulizia bei.